Ngoma ya Mashine na Mkono Wangu wa Kushoto

Kabla sijawaeleza jinsi mkono wangu wa kushoto ulivyokufa na kufufuka, ni lazima mjue ulikuwa mkono wa namna gani. Mimi ni fundi wa kushona. Tulihama Butembo, mume wangu na mimi, tukapata nyumba hapa Bunia, na cherehani yangu ya miguu ikakaa barazani. Watu husifu mkono wa kulia unaozungusha gurudumu. Hawajui kwamba wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa. Akina mama wa kanisa letu wakichagua kitenge cha sikukuu, wote walikuja kwangu, wanene kwa wembamba, na kila mmoja aliniapia kwamba hajanenepa.

Asubuhi moja nilikuwa napiga pasi. Pasi ikaanguka. Nikataka kuiokota, mkono ukakataa. Nikamwita mume wangu, sauti ikatoka kama ya mlevi. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja na mate yanachuruzika, na kabla sijafikia kiti, mguu wa kushoto nao ukaniacha. Nilijikojolea pale pale chini. Nayasema haya wazi kwa sababu kuna watakaopatwa nayo na kudhani ni aibu yao peke yao.

Jirani alisema ni upepo mbaya, nisuguliwe mafuta ya moto. Mume wangu akasema mafuta yatangoja. Alisimamisha pikipiki, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma amenibana kama gunia la mihogo. Hospitalini daktari alinipima shinikizo la damu, akatikisa kichwa.

"Tansio ya mama iko juu sana. Mushipa moja ya ku kichwa imeziba. Papa, ulifanya muzuri kumuleta mbio."

Nikauliza kwa ulimi mzito, "Nitashona?"

"Tutaona, mama."

Daktari akisema tutaona, mjue hajui. Nililia mpaka mto ukalowa. Sikulilia mguu, maana fimbo zipo. Nililia mkono. Bila mkono ule mimi ni nani? Mama fulani tu aliyekaa barazani.

Niliporudi nyumbani, hospitali ilinipa kiné wa kunifanyisha mazoezi, dada mmoja kijana anayeitwa Mapendo. Aliweka sahani mbili na maharagwe, nihamishe punje moja moja kwa mkono mgonjwa.

"Hii mukono unapashwa kuitumikisha kila siku," alisema. "Usipoitumikisha, itasahau kazi."

Maharagwe nimeyachambua tangu utoto na hayajawahi kunichekesha. Lakini shida haikuwa maharagwe. Shida ilikuwa upendo. Kwetu mtu akiugua, nyumba haikai bila wageni. Akina mama wa kanisa walijipangia zamu, na rais wao, Mama Neema, alikuja hata siku isiyo zamu yake. Nikigusa punje, ananinyang'anya sahani.

"Juu ya nini unajichokesha? Lala, mama! Siye tuko hapa!"

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mimi sikuulizwa hata kama nataka kuunywa mwenyewe. Nililishwa, nikaogeshwa, nikavishwa, nikafutwa mdomo. Nilinenepa vizuri sana. Mkono ukakonda, vidole vikajikunja, ukawa wa baridi kama samaki wa friji. Mapendo alivifungua vidole vile kimoja kimoja, nikapiga kelele.

"Mama, hii upendo iko inakuulia mukono," akasema.

Wageni wa namna hiyo utawafukuza vipi? Hawafukuziki. Basi nikatafuta mahali ambapo hakuna mtu angemtafuta mgonjwa.

Ng'ambo ya barabara yetu kijana Héritier alikuwa amefungua chumba cha michezo, mashine kubwa zenye taa alizozileta kwa lori kutoka Kampala. Siku moja baada ya chakula, wa zamu walipoondoka, nikachukua fimbo, nikavuta mguu wangu, nikavuka. Héritier aliponiona akadhani nimekuja kulalamikia kelele.

"Usipunguze kitu," nikamwambia. "Nipatie kiti. Nataka kucheza."

Jamani, kumbe kucheza kuna namna nyingi! Kwenye mchezo wa ngumi, nilibonyeza vitufe kama ninayekanda unga, nikauawa kabla sijakaa sawa. Gari lilitaka mikono miwili kwenye usukani, nami nikapita ndani ya maduka ya watu. Kulikuwa na koleo la kuokotea wanasesere, linaloshika vizuri kisha linaachia karibu na mlango. Hilo ni jizi, sitaki kulisikia. Kulikuwa na jukwaa la dansi, unakanyaga mshale unaowaka chini.

Lakini penzi langu lilikuwa ngoma. Unashika vijiti viwili; changu cha kushoto Héritier alinifungia mkononi kwa kitambaa. Taa nyekundu ikiwaka unapiga kwa kulia, ya buluu kwa kushoto. Ukikosa, mashine inakuzomea. Haikunipa pole, haikuniambia nilale. Nilizomewa mchana mzima, nikafurahi mno!

Nilimwambia Mapendo, akaja kuona. Alicheka, kisha akapanga: nipimwe tansio kwanza, ngoma nikiwa nimekaa, dansi nikiwa nimeshika chuma. Wiki chache baadaye vidole vya kushoto vilianza kufumba kijiti bila kufungwa kwa kitambaa.

Halafu wakaja. Akina mama walifika nyumbani na sufuria ya sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, wakakuta kitanda kitupu, wakaanza kulia. Mume wangu akaonyesha barabara.

"Iko kule. Inapiga ngoma."

Waliingia wote na sufuria yao. Mama Neema aliniona natoka jasho, akanyoosha mkono kukamata kijiti cha kushoto.

"Leta, nikusaidie."

"Acha! Mukono iko yangu!"

Sijawahi kumpigia rais kelele. Akarudi nyuma, machozi yakimlengalenga. Taa ya buluu ikawaka. Nikapiga. Ikawaka tena, nikapiga, na tena. Mashine ikanishangilia kwa tarumbeta. Mama Neema akatazama mkono wangu kwa muda mrefu.

"Kumbe inasikia," akasema polepole. Kisha, "Na miye nijaribu."

Akazomewa vibaya! Tulicheka mpaka sombe ikapoa. Tangu siku ile zamu zao walizifanyia kwa Héritier.

Kitenge cha sikukuu iliyofuata nilikishona mimi. Mshono wa kwanza ulikwenda kombo, nikaufumua. Wa pili pia. Wa tatu ulinyooka, nikamwita mume wangu aje aone, nasi tukalia wote wawili kama watoto.

Namshukuru Mungu, daktari, Mapendo, na mashine iliyonizomea. Nawaomba mpimwe tansio hata kama hamsikii maumivu. Mdomo ukivutwa, mkono ukilegea, kimbieni hospitali, achaneni na mafuta. Ukipewa dawa, imeze; mimi bado nameza. Na mkienda kumwona mgonjwa, pelekeni sala, pelekeni sombe, lakini mwacheni ale mwenyewe. Atamwaga mchuzi. Mwacheni amwage, kisha mumwongeze mwingine.