Mto Mdogo wa Sufi

Juzi nilikuwa kwa fundi cherehani wetu hapa Temeke, mama mtu mzima, nikingoja suruali yangu. Akaingia kuli mmoja wa bandarini ameshika kanga kuukuu.

"Shikamoo mama. Naomba unishonee mto mdogo."

"Marahaba baba. Wa mtoto?"

Akashusha sauti. "Wa mke wangu. Hospitali wamemkata titi. Tangu arudi hataki kutoka nje."

Fundi akauliza ukubwa. Yule ndugu akakunja kiganja kama anayekinga maji, akakitazama, akakipanua kidogo. "Hivi."

Fundi akakipima kile kiganja kwa futi, akakata kanga, akajaza sufi na konzi ya mtama ili uwe na uzito.

Ulipokamilika, yule ndugu aliupenyeza ndani ya shati lake, akaukandamiza kifuani. "Mama, mshono huu utakwaruza kovu lake." Fundi akaufumua, akaushona upya, mshono ukakaa upande wa mbele, usioguswa na kovu.

Jumamosi niliwaona sokoni, yule kuli na mkewe. Vijana walimcheka mwanaume mzima kubeba kikapu. Sidhani aliwasikia. Alikuwa anamsikiliza mkewe akigombana na muuza mchicha.