Mwalimu Asimamia Mtihani wa Gego Lake

Hospitalini kwetu Ngara tulipoletewa aina mbili za sindano za mashine, zile zinazozunguka na kusafisha ndani ya mzizi wa jino, nilitaka kujua ni ipi inayoweza kuufuata mzizi uliopinda bila kuvunjika wala kuunyoosha. Sikuthubutu kujifunzia kinywani mwa mtu. Nikaanza kuwaomba wagonjwa waniachie magego niliyowang'oa.

Wengi walikubali bila maneno. Mwalimu wangu wa darasa la nne, mstaafu wa Kirushya, hakuwa mmoja wao.

"Mwalimu, hili gego limepinda mizizi vizuri sana. Naomba nilitumie kwenye jaribio."

"Jaribio ni mtihani," alisema, pamba ikiwa bado mdomoni. "Nani anausimamia?"

Nikamwambia hakuna.

"Basi huo si mtihani."

Alhamisi iliyofuata alifika saa mbili kamili, amevaa koti, rula mkononi. Mimi na nesi tulikuwa tumeyasimamisha magego kumi na mawili kwenye vitalu vya plasta iliyoganda mezani, sita kwa kila sindano. Akaagiza tuyatenganishe, yasije yakaigiliziana. Hakucheka. Nesi akayatenganisha. Hata mimi, mtu mzima, nilinyoosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.

Sindano laini, ile ambayo ukiikunja kwa vidole inabaki imekunjika, ilishuka polepole na kona zote. Ile ngumu ilipofika kwenye gego la mwalimu ikalia tik, ncha ikabaki ndani.

Mwalimu akavua miwani. "Limeumia?"

"Lilishang'olewa, mwalimu."

"Nimeuliza, limeumia?"

"Hapana, mwalimu."

"Aliyefeli ni nani, jino au sindano?"

Nikakiri ni sindano, na pengine na mimi, maana niliikandamiza. Akatuandika wote wawili kuwa tumefeli.

Picha za eksirei zilionyesha ile laini imeiacha mizizi na mpindo wake. Ile ngumu ilikuwa imeinyoosha kadhaa. Magego kumi na mawili ni machache, lakini yalinitosha kuchagua.

Baada ya wiki chache mwalimu alimleta mkewe, gego linamuuma, mzizi umepinda kama ndoana.

"Tumia iliyofaulu," akaniambia, akasimama nyuma yangu na rula yake. Nilipoanza kuchoma ganzi, akamkemea mkewe aache kutikisika.

Mama akausogeza mkono wangu. "Daktari, mtoe huyu nje. Miaka arobaini ananisahihisha tu."

Nikasita. Kumfukuza mwalimu wangu chumbani! Nesi ndiye aliyetuokoa: alimweleza kwa heshima kwamba wagonjwa kwenye foleni wanapiga kelele na hawana msimamizi. Akatoka mara moja.

Ndani, sindano laini ilishuka mpaka mwisho wa mzizi, na gego lile mama analo hadi leo. Nje tulisikia benchi likiburutwa, kisha kimya. Nilipofungua mlango kumwita anayefuata, wagonjwa walikuwa wamesimama wima, wamepangwa kwa urefu, na aliyeingia alikuwa mwanamke mfupi kuliko wote, ingawa ndiye aliyefika wa mwisho.