Jina Lililotolewa Wimboni

Kayamba za kina mama wa kijiji chetu cha Bongwe zilitikiswa alasiri, baada ya swala, nami nilizisikia nikiwa bado natwanga viungo vya pilau ya harusi. Aliyeongoza nyimbo alikuwa Mama. Kwetu Wadigo mjomba ana uzito wake, kwa hiyo kila harusi Mama aliwataja wajomba mmoja mmoja na wenzake wakaitikia. Mwaka ule alimwongeza kaka yake mwenyewe, aliyechukuliwa mchana kweupe pale Ukunda na watu wasiovaa sare, asionekane tena. Akalitaja jina, waitikiaji wakauliza, "Mmempeleka wapi?" Wakafuata wengine watatu waliopotezwa vivyo hivyo. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijivuna mno kwamba wimbo ule ulitungwa nyumbani kwetu.

Kisha akahamia jirani mpya, fundi cherehani kutoka bara. Alizishika nyimbo zetu upesi kupita kiasi, na kina mama wakaanza kumtilia shaka. Mama alinionya, "Mwanangu, akikuuliza, mwambie wimbo ni wa zamani, mtungaji hajulikani." Siku moja nilimpelekea gauni alipunguze, akaniuliza huku akitabasamu, "Wimbo mtamu hivi katunga nani?"

"Mamangu!" nikasema, kifua mbele.

Wiki haikuisha, wanaume wawili wakaja kwetu. Walimwamkia bibi shikamoo, wakanywa chai, kisha wakamuuliza Mama kama hataki kuwalea wanawe mwenyewe. Harusi iliyofuata aliliruka jina la kaka yake. Yule fundi alisusiwa mpaka akahama. Kama ni yeye aliyesema, mpaka leo sijui. Nililojua ni kosa langu, na nililinyamazia.

Siku hizi vijana wa Ukunda huimba majina ya waliouawa kwenye maandamano, kwa spika kubwa, bila kuficha nyuso, tena hujirekodi wenyewe. Nawaonea fahari, na nawahofia. Majuzi binti mmoja alikuja dukani kwangu, daftari mkononi. Alikuwa amesikia habari za mjomba, akataka jina lake waliimbe pamoja na mengine. Nilimuuliza ametumwa na nani.

"Sijatumwa na mtu, shangazi. Twataka tu asisahaulike."

Nilimkagua viatu, simu, macho. Nikamwambia sina mjomba.