Nilivyoanza dread Kimulot na milking jelly ya Baba

Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Hapo ndipo nilikaa kusokotwa dread ya kwanza. Saa sijabahatisha, naitoa kwa diary yangu ya miaka ya tisini.

Wakuu, wenye nywele na wenye vipara, nawasalimu nyote. Jana nimeona member mmoja hapa analalamika kuwa ameanza dread na kichwa kinamwasha mpaka halali. Nikaona badala ya kumjibu kwa mistari miwili nieleze yaliyonipata mimi. Sitaongeza chumvi, na mahali pa aibu sitaruka.

Kwetu ni Kimulot, upande wa karibu na msitu. Shamba la majani chai, ng'ombe wawili wa maziwa, mahindi nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza Form Four.

Mnajua shule za wasichana za wakati ule. Nywele ikipita kimo cha punje ya mahindi, unaitwa mbele ya parade na mkasi uko hapo unakungoja. Kutoka darasa la kwanza sikuwa nimewahi kujua nywele zangu zinafanana aje. Naongea ukweli. Nilikuwa najua kichwa tu.

Term ya mwisho walimu walikuwa wamechoka na sisi, wakatuacha. Nywele zikafika urefu wa kidole.

Sasa, mimi nilikuwa msichana wa haya sana. Wageni wakija naingia jikoni na natoka wakishaenda. Hata kwa choir nilisimama nyuma ya dada mmoja mnene ili nisionekane. Lakini hii kitu ya dread niliitaka. Niliona dada mmoja nazo sokoni Litein, ananunua vitunguu kama mtu mwingine yeyote, na usiku huo nilijaza kurasa nne za diary.

Nikamwambia Mama akiwa anaosha mitungi ya maziwa. Nilichagua wakati huo kwa sababu angekuwa amenipa mgongo.

"Dread," akasema. "Kama wapiganaji wa msituni."

"Ni nywele tu, Mama."

"Na wewe hata soksi huoshi mpaka nikukumbushe. Hiyo utaiosha?"

"Nitaosha."

Akamwaga maji, akageuka.

"Sikia, Chebet. Siku nitapata kidonda ama mdudu kwa hiyo kichwa, nanyoa mwenyewe. Na sitaki kuona machozi."

Nikakubali haraka kabla abadilishe nia.

Aliyenisokota ni Moraa. Wazazi wake walitoka Kisii kuja kufanya kazi kwa estate ya chai, na yeye alikuwa anasuka watu nje ya nyumba yao, kwa stuli. Alinigawa kichwa mraba mraba na kitana cha mkia, akawa anasokota moja moja na maji tu.

"Tulia, mtoi. Ukitikisika tena nitasokota na sikio."

"Inavuta."

"Ikivuta sana sema. Ikivuta sana nywele inatoka na mzizi, halafu unakuja kuniambia nimekuroga."

Nilipomaliza kulipa akanishika kidevu, akaniambia maneno ambayo sikuyasikiliza vizuri kwa sababu nilikuwa najiangalia kwa kioo. "Usiweke mafuta mazito. Osha. Na usifunge ikiwa na maji."

Wakuu, nilifanya hayo yote matatu. Namaanisha yale aliyonikataza niliyafanya, na lile aliloniambia nifanye niliacha.

Wacha nieleze hali ya hewa ya kwetu kwa wale hamjafika. Asubuhi jua, saa nane mvua. Karibu kila siku. Unaenda kuchuma majani chai nayo yana umande, unarudi umelowa mpaka goti, na bado mvua yenyewe haijakuja. Kichwa changu kilikuwa kinanyeshewa, halafu mimi kwa haya yangu nakifunga kitambaa ili watu wa kanisa wasione. Nafungua usiku, bado ni baridi na unyevu. Kesho naongeza maji mengine juu.

Kuosha nako niliogopa. Niliambiwa na wasichana wa choir kwamba ukiosha dread mpya zinafumuka zote. Kwa hivyo sikuosha kabisa.

Kichwa kikaanza kuwasha. Kwanza kidogo, hapo juu ya shingo. Halafu kila mahali. Nilikuwa najikuna na kijiti cha kiberiti nikidhani hakuna mtu ananiona. Unga mweupe ukawa unashuka kwa sweta.

Hapo ndipo akili ya mtoto wa mfugaji ilinijia.

Kila boma ya kwetu ina kopo la milking jelly, yale mafuta ya kupaka chuchu za ng'ombe zisipasuke. Mimi mwenyewe nimekamua tangu nikiwa primary. Nimeona chuchu imepasuka mpaka inatoka damu, unapaka hiyo kitu, siku chache imekuwa laini. Nikajiuliza, ngozi si ni ngozi?

Nikachota vidole viwili, nikajipaka katikati ya mistari. Ilitulia. Wakuu, ilitulia vizuri sana usiku huo. Kesho yake nikaongeza.

Baba ndiye alianza kushangaa. Alisimama mlangoni mwa zizi akiwa na kopo mkononi, analiangalia ndani kama mtu anayechungulia kisima.

"Hii jelly inaenda wapi? Tuna ng'ombe wawili ama nimesahau wengine?"

Mama akasema labda panya. Mimi nikaenda kuchota maji ambayo hatukuhitaji.

Sasa vumbi, moshi wa jikoni na yale mafuta vikashikana kichwani. Chini yake maji hayana pa kutokea. Vipele vikatokea, vingine vikapasuka. Harufu nayo, niseme tu kwamba niliacha kukaa karibu na watu. Nilijua nikigunduliwa nimenyolewa. Nililala nikiombea kisogo changu, sijui kama kuna mwingine amewahi kufanya hivyo.

Aliyenichoma, akatoa siri nje, ni ndama.

Ilikuwa jioni. Mama anakamua, mimi nimechuchumaa nimemshika ndama asiende kwa mama yake. Ndama akanusa kitambaa. Akanusa tena. Halafu akaanza kunilamba kisogo kama amepata jiwe la chumvi. Nikamsukuma, akashika kitambaa na mdomo, akavuta, kikatoka chote, akaanza kukitafuna.

Mama akaacha kukamua.

Alikuja, akanielekeza kichwa kwa mwanga, akafungua mstari mmoja na kidole. Akajinusa kidole.

"Baba Chebet," akaita. "Njoo uone panya wako."

Baba akaja. Akaangalia, akanusa, akaangalia kopo kwenye dirisha. Nilimwona anaumauma mdomo asicheke. Mama hakuwa anacheka. Alikuwa tayari anaenda nyumbani kuchukua mkasi.

Mimi ambaye sikuwa najibu hata salamu vizuri, nikamfuata mpaka mlangoni.

"Mama, tulikubaliana, najua. Lakini sijawahi kuwa na nywele. Hizi ndizo za kwanza."

Akasimama na mkasi mkononi. Ni Baba aliyeongea, kutoka nyuma yangu.

"Wewe. Ukienda kukamua unaanza na nini?"

"Maji moto," nikasema. "Naosha kiwele."

"Halafu?"

"Napanguza na kitambaa kikavu."

"Halafu?"

"Nakamua. Nikimaliza napaka mafuta. Kidogo."

"Kidogo. Sasa hata ng'ombe tunamwosha na tunamkausha. Kichwa yako ilikukosea nini?"

Mama akacheka hapo, kwa pua, bila kutaka. Akaweka mkasi juu ya kabati. "Mpaka Jumapili tukitoka kanisani," akasema. "Nikikuta kidonda kimoja hakijakauka, Baba yako asiniambie habari ya ng'ombe."

Basi wakuu, wiki hiyo niliishi kama kiwele. Mama mwenyewe ndiye aliniosha mara ya kwanza, kwa karai, na maji vuguvugu na sabuni ya mche aliyoikoroga kwanza ikawa povu. Hakunipaka kipande kichwani. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, mafuta yakielea juu. Akasuuza mpaka yakawa meupe. Alikuwa anabonyeza na ncha za vidole, si kucha. Chache zilifumuka kweli. Moraa alizisokota tena akinitukana taratibu, ikaisha hapo.

Kitambaa niliweka kando. Mvua ikinipata, nakaa karibu na moto, mbali na moshi, mpaka mizizi ikauke kabisa ndipo nilale. Vidonda nikavipeleka dispensary, nesi akanipa dawa ya kupaka hapo tu penye kidonda.

Jumapili baada ya kanisa Mama alinikalisha dirishani. Alipekua mstari kwa mstari kama mtu anayechambua mchele. Alichukua muda mrefu mpaka nikaanza kulia kimya kimya.

"Nilisema sitaki machozi," akasema.

"Kuna kidonda?"

"Hakuna. Vimekauka. Toka hapa unanizibia mwanga."

Kwa hivyo wewe member wa jana, na wengine mnaotaka kuanza: kichwa ni ngozi kabla kiwe style. Osha hata kama ni mpya, zikifumuka zitasokotwa. Kausha mpaka kwenye mzizi. Mafuta mazito weka mbali. Usikubali kuvutwa mpaka macho yapande. Ukiona kidonda usijitibu na vitu vya zizi, nenda hospitali. Wenye uzoefu mwingine, hasa wa sehemu za baridi na mvua, wekeni hapo chini, na kama kuna mwingine aliyejipaka kitu cha mifugo ajitokeze nisiwe peke yangu.

Nimalizie na asubuhi iliyofuata, Jumatatu.

Niliamka mapema, nikaosha tena ili zikauke kabla ya saa nane. Kwetu jua la asubuhi linafika kwanza hapo kwa gate, kando ya barabara ya kwenda buying centre, pale majani hupimwa. Nikabeba stuli, nikaenda kukaa hapo kichwa wazi. Watu wakapita na vikapu vya majani chai mgongoni, mmoja mmoja, wakinisalimu na kunikodolea macho.

Mzee mmoja akasimama kabisa. "Wewe ni msichana wa nani?"

"Mimi ni Chebet," nikasema. "Wa hapa."

Akaenda zake. Nikageuza stuli ili jua lipate upande ule mwingine.