Simu ya Mama Tumaini Haikuwa na Kosa

Aibu hii nilijitafutia mwenyewe. Ofisini kwetu Makambako, tunakouza mbao za kutoka Njombe, intaneti ilikuwa inajikokota, na mimi ndiye fundi wa kompyuta.

Nikakaa kwenye kompyuta ya bosi, nikafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kimoja kilikuwa kinanyonya intaneti yote. Hakikuwa na jina, ila anwani tu ya namba na herufi, na mwanzo wa anwani humtaja aliyekitengeneza. Nikatafuta, likaja jina la kampuni ambalo nilishaliona nyuma ya simu ya Mama Tumaini, mhasibu wetu, anayenisalimia kwa Kibena kila asubuhi: "Kamwene, mwanangu."

"Mama, ni simu yako," nikatangaza mbele ya wateja. "Anwani haidanganyi."

"Mwanangu, mimi natumia bando langu."

"Basi izime tuone."

Akaizima. Kifaa kikaendelea kunyonya.

Bosi akaamuru kila mtu azime chake. Ikabaki laptop yangu, iliyokuwa ikipakua mpira wa jana. Juu ina nembo ya kampuni nyingine kabisa, nami fundi mzima nikasahau kwamba kadi ya mtandao iliyo ndani huweza kutengenezwa na wengine, hata na ile kampuni ya simu ya Mama Tumaini.

Nikaizima. Kwenye kioo cha kompyuta ya bosi, ile anwani ikatoweka.

"Pole na kazi, fundi," akasema Mama Tumaini. Tangu siku hiyo, hajaniambia kamwene.