Dakika Kumi na Nane za Kutoka Handakini

Kazini walimwita Mama Dakika, naye hakuchukia. Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kuliigiza handaki ndani ya kompyuta kabla watu hawajaingia kwenye lile la kweli. Aliandika kila tukio na muda wake: mashine imechimba mita moja na nusu, mabehewa yamejaa kifusi, treni imetoka, nyingine imeingia na zege. Kisha kompyuta iliruka kutoka tukio hadi tukio, ikaimaliza zamu nzima kufumba na kufumbua, mara elfu moja, kila mara na ucheleweshaji wake.

Jumatatu moja mhandisi mkuu alimwagiza aongeze treni ya tatu, maana kazi ilikuwa nyuma ya ratiba. Akaongeza, na kasi ikapanda vizuri. Halafu akatia tukio moja zaidi: maji yamepasua ukuta.

Katika mizunguko arobaini na mitatu ya ile elfu, treni mbili zilikutana uso kwa uso kwenye reli moja, na watu ishirini na sita wakabaki nyuma bila pa kutokea. Dereva wa mojawapo ya treni hizo alikuwa kaka yake, wa tumbo moja.

Alipeleka karatasi za matokeo kwa mhandisi.

"Arobaini na tatu kwa elfu," mhandisi alisema. "Hiyo si ni michezo ya kompyuta tu, Mama Dakika?"

"Basi, bosi, niambie zamu ya kesho ni ya ngapi katika hiyo elfu."

Mhandisi alizipekua karatasi upya. Mwishowe akakubali treni ya tatu isubiri mpaka itandikwe reli ya kupishana karibu na mashine. Wafanyakazi wakamnunia, kaka yake akiwa wa kwanza.

"Unatuchelewesha, mdogo wangu."

"Nuna, kaka. Bora unune ukiwa mzima."

Reli ilikamilika baada ya siku tisa. Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, simu ya handakini ililia. Maji.

Hesabu zake zilisema watu wangetoka ndani ya dakika kumi na nane. Alisimama kwenye mdomo wa handaki, macho kwenye saa. Kumi na nane zikapita, giza tupu. Ishirini, bado. Ishirini na tatu, akawa anajiuliza ni namba gani aliyokosea, na nani atamwambia mama yao. Akashika ukuta.

Dakika ya ishirini na saba taa ya treni ikaonekana.

Kaka yake alishuka amelowa hadi kifuani. "Fundi wa pampu alivunjika mguu," alisema. "Tulirudi kumbeba."

Wote ishirini na sita walitoka. Ndani ya kompyuta hakuna aliyekuwa amerudi kumchukua mwenzake.

Kesho yake aliandika tukio jipya: mtu ameanguka, wenzake wamerudi. Bado yuko kazini. Siku hizi huuzidisha muda wa kutoka mara mbili, na hata hivyo, treni ikichelewa dakika moja tu, viganja humlowa jasho. Kaka yake hajui. Yeye hudhani mwenye hesabu hana hofu.