Mguu wa Breki

Gari la kufundishia udereva lina pedali ya breki ya ziada upande wa abiria, na huyu bwana, kwa miaka yote aliyofanya kazi ya ualimu wa udereva, hajawahi kuuondoa mguu wake juu ya pedali hiyo. Mwanafunzi akiongeza mafuta kidogo, mwalimu anakanyaga. Akiona mbuzi mbali huko, anakanyaga. Akiona mti ambao haujavuka barabara tangu uote, anakanyaga vilevile. Wanafunzi wakampachika jina la Mwalimu Breki, naye badala ya kuchukia akalivaa kama sifa. "Wanafunzi wangu wote wako hai," husema, na hapo huna la kumjibu.

Balaa ni kwamba mmoja wa wanafunzi hao alikuwa binti yake wa kumzaa. Msichana alijifunza kwa wiki nyingi asijue kama gari analiendesha yeye au mguu wa baba yake. Siku moja, katikati ya mzunguko wa barabara, magari yakipiga honi kila upande, alizima injini, akamkabidhi baba ufunguo, akashuka na kurudi nyumbani kwa miguu. Wiki iliyofuata alijiandikisha kwenye shule nyingine ya udereva, ile iliyo ng'ambo ya barabara, inayotazamana na shule ya baba yake mlango kwa mlango. Akafaulu mtihani mara ya kwanza. Mtaa mzima ukamcheka mzee.

Kisha binti akapata kazi katika mji wa mbali. Tangu hapo akipiga simu huongea na mama yake weee, mpaka simu inapata moto sikioni, na mwisho husema, "Haya mama, msalimie baba." Basi. Baba yuko pale pale kwenye kochi, masikio yamemsimama, na fungu lake ni salamu za kuletewa. Zilimchosha salamu hizo. Afadhali angenyimwa kabisa, ajue moja.

Ni mama mtu aliyeutaja ule mchezo, tena kwa kutania. Binti yao, alisema, kila Jumapili mchana hucheza vita kwenye kompyuta na watu aliokutana nao mtandaoni. Wapo wanaoendesha vifaru, wapo wanaotembea na bunduki, na yeye ni rubani wa ndege ya kivita.

"Analalamika eti hawana watu wa chini," mama alisema.

"Watu wa chini ndio nani?"

"Si wa kutembea kwa miguu. Nasikia kila mtu anataka kuruka tu."

Mama alicheka. Baba hakucheka. Binti alikuwa ameiacha kompyuta yake ya zamani kwenye chumba cha nyuma, na Jumapili iliyofuata mzee alikuwa ameketi mbele yake, amevaa miwani na kupachika vipokea sauti masikioni, ameingia kwenye kikosi cha binti kama mtu wa chini.

Tuseme kweli, mchezo ule unaudhi. Mtu ukisikia vita unadhani ni kupigana, kumbe ni kutembea. Unabonyeza kitufe kimoja mpaka kidole kinakufa ganzi, unavuka mbuga ya majani isiyo na mwisho, halafu unapigwa risasi na mtu usiyemwona na hutakaa umwone, unarudishwa kwenye hema la kuanzia, na unaanza kutembea upya. Kuna kitufe cha kupiga magoti na kingine cha kulala, vimekaa jirani kana kwamba aliyevipanga ana chuki na wazee. Siku ya kwanza Mwalimu Breki alitaka kupiga magoti, akajikuta amelala katikati ya barabara, na kifaru cha upande wake mwenyewe kikampitia juu.

"Mzee, toka barabarani basi," alilalama kiongozi wao, mtu waliyemwita Kamanda, ambaye katika maisha ya kawaida aliuza magodoro.

Mtu anayekula kwa kufundisha sheria za barabarani anaambiwa na muuza magodoro atoke barabarani! Alizima kompyuta kwa hasira. Kisha akaiwasha tena, kwa sababu sauti ya binti yake ilikuwa mle ndani.

Baada ya kufa sana alipata kazi inayomfaa: kulala juu ya kilima na darubini, kuwaambia marubani kilichoko chini. Jicho analo, hilo hatumnyimi. "Vifaru, mashariki ya daraja, vinaelekea mjini," alikuwa akisema, na juu mawinguni binti akijibu, "Sawa baba, nimeviona." Maneno yenyewe yalikuwa ya kazi. Nipe shabaha baba, rudia baba, wamebaki wangapi baba. Lakini lilikuwamo hilo neno baba, na alikuwa akiambiwa yeye, si kupitia kwa mtu. Alianza kuisubiri Jumapili tangu Jumatatu.

Lakini tabia ni tabia. Kila ndege ya binti ilipoinamisha pua kushuka, mguu wa mzee ulikandamiza sakafu chini ya meza na mdomo ukafyatuka wenyewe. "Taratibu. Punguza mwendo. Nimesema punguza." Binti alivumilia kwa muda. Jumapili moja, labda kwa mazoea ya utotoni, alitii. Sasa ndege si gari. Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi haiegeshi pembeni ikawasha indiketa, inaanguka. Ilianguka kwenye shamba la watu, na wenzao wakacheka mpaka vipokea sauti vikakwaruza.

Binti peke yake hakucheka. "Baba," alisema, "ukinifanyia hivi tena, namwomba Kamanda anipe mtu mwingine wa chini. Sitanii."

Mzee alijua hatanii. Aliwahi kumwona akivuka barabara kwenda shule ile ya ng'ambo.

Wiki ile ilikuwa chungu. Alimkaripia fundi cherehani, mwanafunzi wake mpole kuliko wote, kwa kosa la kubadilisha gia vizuri. Nyumbani alimweleza mkewe yaliyompata.

"Si unyamaze tu unapocheza?" mkewe alimwambia. "Kuna ugumu gani?"

"Na nikiona hatari?"

"Hatari ya nini, baba nanii? Ile si ni picha."

Angejibu nini? Kwamba anaogopa? Aliogopa kweli. Jumapili akiipoteza, hatabaki na kingine ila salamu.

Ikafika Jumapili. Siku hiyo adui alikuwa analeta msafara wa magari kuvuka daraja, na sharti la pambano lilikuwa kali: kila rubani ana ndege moja tu, ikianguka amekwisha. Mzee alilala kilimani mwake. Aliutaja msafara ulipo kwa maneno machache yaliyonyooka, akanyamaza.

"Safi, baba," binti alisema. "Nakuja."

Ndege ilianza kushuka. Na hapo, upande wa pili wa daraja, nyuma ya ukuta wa ghala, mzee akaona kitu kikisogea. Ulikuwa mzinga wa kutungulia ndege, umepakiwa juu ya lori, midomo yake ikiinuka taratibu kuelekea juu. Kamanda hakuweza kuuona kutoka alipokuwa, wala binti, kwa sababu ya ukuta. Ulionekana kutoka kilimani tu.

Mguu ulikandamiza sakafu. Ulimi ukanyanyuka. Lakini alijua kitakachotoka ni punguza, au geuka, au taratibu, na yote hayo ni breki. Akauma midomo. Akajiambia ni mtu mzima yule, ana macho yake, alifaulu mtihani bila mimi. Akauma zaidi.

Mzinga ulifyatua. Ndege ilikatika bawa, ikazunguka mara kadhaa na kutumbukia mtoni. Msafara ukavuka daraja bila hata kupunguza mwendo.

"Nani yuko kilimani?" Kamanda alifoka. "Huyo wa kilimani kalala au?"

Waliondoka mmoja mmoja, na Kamanda naye akaenda kuuza magodoro yake. Mzee alibaki ameshika kipanya. Binti pia hakuondoka. Mzee alimsikia anavyohema.

"Baba. Ule mzinga nyuma ya ghala, ulikuwa unauona?"

Angeweza kudanganya. "Niliuona."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipoanza kushuka."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Si ulisema nisikuingilie?"

"Nilisema usiniendeshee. Kwani nilisema usiniambie kuna nini mbele?"

Katika kazi ya mzee mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Hakumbuki kumwambia mwanafunzi kuna mbuzi mbele, halafu akamwachia mwenyewe aamue. Akiona, anakanyaga. Na kama pedali hamna, hana neno lingine mdomoni.

"Sijui kuvitenganisha, mwanangu," alisema.

Akangoja asikie binti akiomba mtu mwingine wa chini.

"Nimenunua gari," binti alisema mwishowe. "Mwezi ujao nakuja nalo nyumbani. Nitakuzungusha mjini, utakaa mbele."

"Mbele wapi?"

"Pale unapokaa siku zote. Ila hakuna pedali, baba. Utaniambia unachokiona, basi."

"Nitasema," alijibu.

"Haya. Msalimie mama."

Laini ilikatika. Mzee alivua vipokea sauti. Alitaka kusimama, akashangaa mguu wa kulia hauinuki. Ulikuwa bado umekandamiza sakafu, umekufa ganzi mpaka gotini. Akaushika kwa mikono miwili, akaunyanyua, kisha akatoka akichechemea kwenda jikoni kwa mkewe.

"Binti yako," alisema, "anakusalimia."